UZI: Dartmouth Review, gazeti la madogo wa chuo lililowafundisha Republican wa leo kuchokoza watu

Msoma Magazeti (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Kwenye ule uzi wa Trump kuna mdau aliuliza hawa jamaa wa mrengo wa kulia wa Marekani walijifunzia wapi huu mchezo wa kumtukana mtu, wakiadhibiwa wanalia wanaonewa, halafu kesho yake wanachangiwa hela. Nikamwambia jibu refu, nitalishushia uzi wake. Ndio huu sasa, wavivu wa kusoma mapema kabisa mpishe.

Walijifunzia Hanover, New Hampshire. Ni kamji kadogo kando ya mto Connecticut, barafu hadi magotini, chuo ndio kila kitu pale. Na gazeti lenyewe linaitwa Dartmouth Review, limeanza 1980.

Kwanza mjue chuo. Dartmouth ni kimojawapo cha vile vyuo vinane vikongwe vya mashariki ya Marekani vinavyoitwa Ivy League, kimeanzishwa 1769 na mchungaji Eleazar Wheelock, na hela za mwanzo alizunguka kuzichangisha Uingereza mchungaji Mhindi Mwekundu wa Wamohegan, Samson Occom, akiamini zinaenda kusomesha watoto wa watu wake. Hela ikapatikana, chuo kikajengwa, wakasoma wazungu. Karibu miaka 200 baadaye Wahindi Wekundu waliohitimu pale walikuwa hawajafika hata 20, ila timu za chuo zilikuwa zinaitwa Wahindi na mashabiki wanavaa manyoya kichwani wakipiga vigelegele. Nembo ya chuo imeandikwa kwa Kilatini yale maneno ya Isaya, sauti ya mtu aliaye nyikani. Mzee Occom alilia kweli.

1970 akaingia rais wa chuo mpya, John Kemeny, mzaliwa wa Hungary. Wazee wa kompyuta mnamjua, ndiye aliyetunga lugha ya kompyuta ya BASIC na mwenzake Kurtz mwaka 1964 hapohapo Dartmouth. Kemeny akasema ile ahadi ya 1769 sasa itimizwe, wakaanza kuchukuliwa Wahindi Wekundu wenyewe. 1972 wakaingia wanawake kwa mara ya kwanza. 1974 bodi ikasema ile picha ya Mhindi kwenye majezi haifai tena. Wazee waliosoma zamani wakanuna vibaya sana.

Hapo kwenye wazee ndipo pa kushika. Mhitimu wa Dartmouth hana uhusiano na chuo kama wetu sisi, sisi ukishachukua cheti mmeachana mpaka siku unahitaji transkripti. Wale wanachangia chuo mpaka wanaingia kaburini, na tangu makubaliano ya 1891 wana haki ya kuchagua sehemu ya bodi ya wadhamini. Wanajiona wenye mali. Sasa 1980 daktari mmoja wa California, John Steel, akagombea ujumbe wa bodi kwa kukusanya saini, hana baraka za wakubwa wa chuo. Gazeti la kila siku la wanafunzi wakati huo lilikuwa chini ya dogo mmoja, Greg Fossedal, akamsapoti Steel, wenzake wakamjia juu, mwisho akatoka. Steel akashinda. Fossedal na wenzake Gordon Haff, Ben Hart na Keeney Jones wakaamua kuanzisha lao.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa baba yake Ben, Profesa Jeffrey Hart, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza ambaye pia alikuwa mhariri mwandamizi wa National Review, jarida la mrengo wa kulia la William Buckley, na aliwahi kuwaandikia hotuba Nixon na Reagan. Kwahiyo msije mkadhani ni madogo wenye njaa na mashine ya kudurufu. Toleo la kwanza likatoka Juni 1980, wakati wa mahafali, kampasi imejaa wazee wenye hela waliokuja kuona wajukuu wanahitimu. Hao jamaa walijua wanachofanya.

Nakuja na sehemu ya pili, nasonga ugali kwanza.

Binti Kariakoo

Nimekaa mkuu, kiti cha mbele. Ila swali, chuo si kingewafungia tu? Kwetu barua moja ya mshauri wa wanafunzi na gazeti limekufa.

Msoma Magazeti

Dada Binti swali zuri maana ndio ufundi wenyewe uko hapo. Waliliandikisha kama kampuni isiyo ya faida nje ya chuo, halichukui hata senti ya chuo, kwahiyo chuo hakina mlango wa kulifungia. Kilichobaki ni kugombana nao kwamba wasitumie jina la Dartmouth, nalo halikufika mbali. Na hela ilikuwa inatoka wapi? Walilituma kwa posta majumbani kwa wahitimu nchi nzima. Mzee yuko zake Ohio anapokea gazeti linalomwambia chuo chako kimetekwa na wakomunisti, mashoga na maprofesa wasiofundisha kitu, anakasirika, anaandika hundi. Mzee akikasirika zaidi hundi inakuwa nene zaidi. Juu ya hapo kuna wakfu kama wa John M. Olin, na kuna taasisi iliyoanzishwa na kina Irving Kristol na William Simon iliyokuwa inagawa hela kwa magazeti ya namna hii vyuoni, baadaye ukawa mtandao kabisa, Collegiate Network.

Yaani mwanafunzi wa pale kampasini alikuwa kama jukwaa tu la kuigizia, watazamaji waliokata tiketi wako mbali. Ukishaelewa hilo vituko vyote vinavyofuata vinaeleweka.

Tuanze na vidogo. Chuo kimetangaza siku ya kufunga kwa ajili ya wenye njaa duniani, wao wakaandaa mlo wa kambakochi na shampeni. Nembo ya Mhindi imekatazwa, wao wakawa wanagawa vitu vyenye nembo hiyo kwa wanafunzi wapya. Kiki tupu.

Halafu Machi 1982 Keeney Jones akaandika makala ya kupinga weusi kupewa nafasi maalum za kujiunga na chuo, na akaiandika yote kwa kuigiza lafudhi ya Mmarekani mweusi asiyejua kusoma, kuanzia kichwa cha habari mpaka nukta ya mwisho. Jack Kemp, mbunge wa Republican aliyekuwa kwenye bodi yao ya ushauri, akajitoa. Mwezi Mei mwaka huohuo Ben Hart anagawa gazeti kampasini, afisa mmoja wa chuo, mtu mweusi, uzalendo ukamshinda wakakwidana, akamng'ata. Sio mafumbo, alimng'ata na meno. Gazeti likapata habari ya kitaifa ya bure. Mtu mzima amechokozwa, kakasirika, kafanya kosa, na aliyechokoza ndiye kaandikwa kama mhanga. Tunza hii picha, tutaiona tena na tena.

1984 mhariri alikuwa Laura Ingraham, huyuhuyu mnayemwona kwenye runinga ya Fox. Akatuma mwandishi na tepu rekoda aingie kimyakimya kwenye mkutano wa chama cha wanafunzi mashoga, yaliyosemwa mle yakachapishwa na majina ya viongozi yakatajwa. Mnajua 1984 ilikuwaje, kuna watoto wazazi wao walikuwa hawajui. Miaka 13 baadaye Ingraham aliandika kwenye Washington Post kwamba amelegeza msimamo baada ya kuona jinsi kaka yake mwenyewe, ambaye ni shoga, alivyomuuguza mwenzi wake. Vizuri kwa kaka yake. Wale wa kwenye tepu sijui walisomaje hiyo makala.

Kijana wa Mazimbu

Mkuu usisahau vibanda. Mimi baba yangu alifanya kazi Mazimbu ile miaka, vijana wa ANC wako shule ya Solomon Mahlangu pale Morogoro, ndio najua hizi habari za vyuo vya Marekani kutakiwa kutoa hela zao Afrika Kusini zilikuwa zinafuatiliwa.

Msoma Magazeti

Kijana wa Mazimbu umenifikisha penyewe.

Novemba 1985 wanafunzi waliotaka chuo kiuze hisa zake kwenye makampuni yanayofanya biashara na makaburu walijenga vibanda vya mbao katikati ya uwanja wa chuo, pale wanapopaita Green, vifanane na makazi ya weusi kule Soweto. Wakawa wanalala humo na ile baridi. Januari 20, 1986 ndio ilikuwa mara ya kwanza serikali kuu ya Marekani kuadhimisha sikukuu ya Martin Luther King. Usiku wa kuamkia tarehe 21 wakatokea wanafunzi 12 na lori na nyundo kubwa za kuvunjia mawe, wakaanza kubomoa, na kwenye kibanda kimoja kulikuwa na watu wamelala. Kati ya hao 12, kumi walikuwa wafanyakazi wa Review. Na kikundi walikipa jina, Kamati ya Kupendezesha Uwanja kabla ya Tamasha la Majira ya Baridi. Hoja yao ilikuwa kwamba vibanda ni uchafu, chuo kimeshindwa kutekeleza sheria zake, sisi ni wasafishaji.

Hapa nitakuwa mkweli, ukiisoma hoja yao peke yake bila kujua tarehe ina mantiki. Vibanda vilikuwa havina kibali, rais wa chuo, David McLaughlin, alikuwa anasuasua, leo anasema vitoke kesho anaacha. Lakini mtu anayetaka kusafisha uwanja haji saa tisa usiku na nyundo siku ya King. Walichagua ile saa kwa sababu walijua itaonekanaje.

Basi wanafunzi wengine wakavamia ofisi ya rais wakakaa humo, masomo yakasimama siku nzima watu wanajadili ubaguzi, wabomoaji wakasimamishwa chuo, wakakata rufaa, kesi ikasikilizwa upya, adhabu zikapunguzwa. Wakarudi mashujaa kwa wazee wa Ohio.

Binti Kariakoo

Saa tisa usiku na nyundo 😂😂 kamati ya kupendezesha. Hawa wana roho ngumu jamani.

Mpinga Yote

Mleta mada umeegemea upande mmoja. Hao madogo walikuwa wachache kwenye chuo ambacho maprofesa karibu wote ni mrengo wa kushoto. Bila kelele nani angewasikiliza? Uhuru wa maoni ni pamoja na wa mtu usiyempenda. Na mbona hausemi mahakama iliwapa haki?

Msoma Magazeti

Mpinga Yote karibu, nilikuwa nakungoja.

Mahakama ilikuwa 1989 na ni kesi nyingine. Kuna profesa wa muziki, Bill Cole, mweusi, mtaalamu wa jazi, aliyewahi kuandika kuhusu Miles Davis na Coltrane. Review walikuwa wanamwandama tangu 1983, aliwashtaki kwa kumchafua jina. 1988 wakachapisha tena kwamba kozi yake haina kichwa wala miguu, halafu vijana wanne wakamfuata darasani kipindi kimeisha, wana kamera na tepu, wanamtaka aseme chochote. Kukawa na kelele na kusukumana, flashi ya kamera ikavunjika. Chuo kikawasimamisha watatu. Wakaenda mahakamani, na Januari 1989 jaji wa New Hampshire akaamuru wawili kati yao warudishwe, kwa sababu mjumbe mmoja wa kamati ya nidhamu alikuwa ameshasaini barua ya kulipinga gazeti kabla hajakaa kuwahukumu. Ila jaji huyohuyo hakukubali dai lao kwamba wameonewa kwa ajili ya siasa zao. Sehemu hiyo ya hukumu wao hawaisemagi, na wewe mkuu umeiruka.

Kwa hilo la kamati nakubaliana na wewe asilimia zote, chuo kilivurunda. Kilikuwa na haki mkononi kikaitupa kwa uzembe. Kila mara, kuanzia yule aliyeng'ata mpaka hii kamati, wakubwa walikuwa wanaingia kwenye mtego uleule na gazeti linaishi miaka mitano mingine. Profesa Cole akaacha kazi 1990.

Lakini hilo la "bila kelele nani angewasikiliza" nalikataa, na nakuletea mfano wa gazeti hilohilo. Joseph Rago alikuwa mhariri mkuu wa Review miaka ya 2000, dogo wa kusoma na kuchimba, akaenda Wall Street Journal, 2011 akapata Pulitzer, ile tuzo kubwa ya waandishi wa Marekani, kwa tahariri zake za kuchambua sheria ya afya ya Obama. Tahariri za kupinga, tena kali, hakumtukana mtu. Alifariki 2017 bado kijana kabisa. Kwahiyo akili ilikuwepo chumba kilekile, ila wasomaji wa kwa posta walikuwa wanalipia kitu kingine.

Mzee wa Mlimani

Vijana mnanikumbusha mbali. Sisi Mlimani gazeti la kuchokoza lilikuwa upande wa pili. Cheche, lilianza Novemba 1969, la vijana wa USARF (umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika) na TYL (umoja wa vijana wa TANU), kina Karim Hirji, Zakia Meghji na wenzao, Walter Rodney akiwa anafundisha hapohapo. Septemba 1970 wakatoa toleo maalum la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya Tanzania, miezi miwili baadaye USARF imefutwa na gazeti limefungwa. Waliambiwa jina hilo ni la kuiga Urusi (gazeti la Lenin liliitwa Iskra, yaani cheche) na sisi tunajenga ujamaa wetu. Wakalibadilisha likawa MajiMaji. Hakukuwa na wazee wa kutuma hundi.

Msoma Magazeti

Shikamoo mzee. Hapo umeweka kidole penyewe, Cheche ilikuwa inasomwa na watu walewale inaowasema. Na iliandika uchambuzi kurasa kwa kurasa, ukiichukia ilibidi uisome kwanza.

Namalizia Review. 1987 akaja rais James Freedman, Myahudi, akasema anataka na wanafunzi wapole wanaopenda kucheza selo na kutafsiri mashairi, sio wacheza mpira peke yao. Review wakaona kiama. 1988 safu moja ikamfananisha na Hitler, Myahudi huyo. Halafu Septemba 1990, toleo likatoka karibu na Yom Kippur, siku takatifu kuliko zote kwa Wayahudi, na kwenye kale kaboksi kenye majina ya wahariri, mahali ambapo siku zote kunakaa nukuu ya Theodore Roosevelt, maandishi madogo ambayo hakuna mtu anayasoma, kuna mtu kaingiza maneno ya Hitler mwenyewe, ya kujisifu kwamba akipigana na Wayahudi anafanya kazi ya Mungu.

Mhariri mkuu wakati huo alikuwa Kevin Pritchett, kijana mweusi. Akaomba radhi, akasema ni hujuma, kuna mtu kaingiza kwa siri. Baadhi ya wenzake wakajiuzulu. Oktoba 4 watu zaidi ya elfu mbili wakajaa palepale uwanjani palipokuwa na vibanda, Freedman akahutubia. Mimi hujuma naweza kuiamini. Lakini gazeti lililotumia miaka kumi kufundisha vijana kwamba kumuumiza mtu ni utani, halafu likashangaa kuna mmoja wao au jirani yao kafanya utani, hapo ndipo huruma yangu inaishia.

Baada ya hapo likapoa, miaka inapita, ugomvi ukahamia kwenye bodi. 2004 mpaka 2007 wagombea wanne wa kukusanya saini walishinda mfululizo, kina T.J. Rodgers, Peter Robinson (huyu ndiye aliyemwandikia Reagan ile hotuba ya Berlin ya bomoa ukuta huu), Todd Zywicki na Stephen Smith, Review likiwapigia debe. Chuo kikashtuka, 2007 bodi ikaongeza viti vinane vya kuteuliwa ili wazee wa saini wasiipindue, wahitimu wakaenda mahakamani. Na 2006, Wahindi Wekundu chuoni walipolalamikia matukio ya dharau, Review likajibu kwa picha ya jalada ya Mhindi kashika ngozi ya kichwa cha mtu. Wakaomba radhi. Ila mwaka 2006, bado nembo ileile!

Nyakwar Kisumu

Naona hujataja D'Souza ama unamngojea? Huyo mtu alikuja mpaka huku kwetu.

Msoma Magazeti

Ndugu yangu nilikuachia wewe wa Kisumu. Endelea.

Nyakwar Kisumu

Dinesh D'Souza, amezaliwa Bombay 1961, alikuwa mhariri wa hiyo Review kabla ya Laura, kisha akafanya kazi White House ya Reagan. 2010 akatoa kitabu akisema Obama hawezi kueleweka kama Mwamerika, ati anaendesha serikali kwa ndoto za babake Mluo za kuchukia wakoloni. Ushahidi wake mkubwa ni makala mzee Obama aliandika Julai 1965 kwa East Africa Journal, akikosoa ile Sessional Paper nambari 10 ya kina Mboya, waraka wa serikali ya Kenya kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Mle ndani mzee anasema kwa nadharia hakuna kitu kinaweza zuia serikali kutoza hata asilimia mia ya mapato bora wananchi wapate faida inayolingana. D'Souza akaishika hiyo sentensi moja akaibeba kama mwenge. Mimi nimeisoma hiyo makala yote, ni mchumi anabishana na serikali yake kuhusu mashamba na nani amiliki maduka, mambo ya hapa kwetu kabisa. Huyo mzee alikuwa amekufa tangu 1982 na hakumlea huyo mtoto! 2012 akatengeneza filamu, akaja Nairobi kumhoji ndugu wa Obama wa baba mmoja, ikaingiza zaidi ya dola milioni 33. 2014 akakiri mahakamani kuvunja sheria ya michango ya kampeni, 2018 Trump akamsamehe.

Msoma Magazeti

Umemaliza kila kitu. Mbinu ni ileile ya kale kagazeti, chukua maandishi ya mtu, kata kipande kinachowasha, kipeleke kwa msomaji aliyeko mbali asiyeweza kuhakiki.

Niongeze moja tu. Yule Profesa Hart, ambaye sebule yake ndiyo ilizaa yote haya, uzeeni alimchoka Bush na vita yake ya Iraq, na 2008 akatangaza anampigia kura Obama. Alifariki 2019.

Binti Kariakoo

Weeee! Mwenye sebule kampigia Obama halafu mwanafunzi wake yuko Nairobi anatafuta mizimu ya Mluo 😂

Mpinga Yote

Sawa mkuu, kwa Hart umenipata. Ila vyuo vingine vipi? Stanford nao si walikuwa na lao?

Msoma Magazeti

Walikuwa nalo, Stanford Review, kalianzisha Peter Thiel na mwenzake 1987, huyu wa PayPal, ambaye utoto wake kaupitia Johannesburg na Swakopmund (Namibia ya leo) enzi za makaburu. David Sacks aliyezaliwa Cape Town alikuja kuwa mhariri wake. Hilo lina uzi wake, hela yake sio ya hundi za wazee. Nipeni mpaka wikiendi.